Mkanda Nilioutia Mfukoni

Tulikuwa watano siku hiyo, na niwataje wote kabisa, kwa sababu wote wako hai na wote hucheka tukikutana (isipokuwa mimi). Alikuwepo mdogo wangu Njoki, ndiye aliyekuwa akiposwa. Alikuwepo kitinda mimba wetu Muriithi, mrefu kama mlingoti na hajui kuogelea hata kidogo. Alikuwepo Mzee Balbir, fundi wa magari mstaafu mwenye kilemba, ambaye mwenyewe hujiita Kalasinga wa Nanyuki, baba wa kijana aliyemposa Njoki, na mkewe tunayemwita Mama Jaspal. Wa tano ni mimi, Wambui, dada mkubwa. Jaspal, bwana harusi mwenyewe, hakuwepo, alikuwa zamu hospitalini, na namshukuru Mungu, maana kuna mambo ambayo shemeji hapaswi kuyaona.

Mjue kwanza kwamba nilikuwa naogopa tangu kabla ya kuona mto. Wazazi wetu walikufa tukiwa wadogo, mimi nikaacha shule darasa la saba ili hawa wawili wasome, na tangu hapo kila mahali panapohitaji baba naenda mimi. Shuleni nilienda mimi, uhamiaji nilienda mimi, na sasa posa imekuja, anayekaa kwenye kiti cha baba ni mimi, mtunza wazee wa Kilburn hapa Uingereza, mbele ya watu wenye nyumba yao Rayners Lane na picha za mahafali ukutani kuanzia mlangoni hadi jikoni. Nilikuwa nimekaa ukingoni mwa sofa, nashika kikombe kwa mikono miwili, nasubiri tu niulizwe nimesoma wapi.

Badala yake Mzee Balbir aliuliza, "Nyinyi wa upande ule wa mlima, mnajua trauti?"

Basi. Mdomo ukafunguka wenyewe. "Trauti? Mzee, trauti nawajua kama ndugu zangu."

Haikuwa uongo wote. Mto wetu ulishuka kutoka mlimani ukiwa baridi kama kisu, na ndani yake walikuwemo wale samaki wenye madoadoa walioletwa na wazungu zamani, na katika miaka ile ya njaa nilikuwa nalala kifudifudi ukingoni, naingiza mkono chini ya mizizi polepole, nampapasa trauti tumboni mpaka atulie, kisha namrusha nje. (Ilikuwa haramu. Njaa pia ingekuwa haramu kama kungekuwa na haki.) Nilikuwa na sheria moja tu: mto ukiwa na rangi ya chai ya maziwa, tunalala bila kula, mto ukiwa mweupe hadi unaona kokoto, ingia. Sheria hiyo ilitulisha sote watatu wala haikuwahi kunidanganya.

Mzee alifurahi mpaka akampigia mkewe makofi aje asikie. Akasema msimu ukifunguliwa twende wote, chama chake cha wavuvi humruhusu kuleta wageni, na huko huko mtoni tutazungumza habari za watoto. Hapa Uingereza trauti hawavuliwi majira ya baridi, wanaachwa wazae, mpaka majira ya machipuko ndipo watu wanatoa fito zao za kuvulia. Nikaitikia tu. Ningewezaje kurudi nyuma?

Siku ilipofika tulipanda treni hadi karibu na mwisho wa laini, halafu tukatembea kati ya malisho. Njiani Mzee alinieleza jambo ambalo leo nalijua kama sala. "Mto wa hapa, mkwe wangu, hauchukui mvua ya jana. Unachukua mvua ya Krismasi. Maji yanazama kwenye mawe ya chaki, yanachujwa huko chini, yanatoka sasa. Kwa hivyo umejaa, na bado ni mweupe. Usiuamini."

"Ndiyo, mzee," nilisema. "Ndiyo, ndiyo." Kichwani nilikuwa nawaza mahari.

Kisha nikauona, na moyo ukatulia kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi. Mweupe! Ungeweza kuhesabu kokoto. Majani ya kijani yalilala chini kama nywele zilizochanwa. Mvua haikuwa imenyesha kwa siku nyingi, na mimi nikasema moyoni, huyu namjua.

Mzee alinipa suruali ya mpira ya wavuvi, ile inayopanda hadi kifuani na mabuti yameungana nayo, na mkanda mpana wa kufunga kiunoni. "Huu usiache. Ukianguka, unazuia maji yasiingie miguuni."

Sasa sikilizeni uamuzi mdogo ulioniua. Nilikuwa nimevaa sweta tatu kwa ajili ya baridi, na juu ya hizo sweta kuna mimi mwenyewe, ambaye sijawahi kuwa mwembamba tangu nifike nchi hii. Mkanda haukufika. Nilivuta, nikameza tumbo, nikavuta tena, na Mama Jaspal akiniangalia kwa huruma, akasema, "Beti, nikusaidie kuvuta?" Ananiita beti kama binti yake. Nikaona aibu ya kuvutwa kama mzigo wa kuni mbele ya wakwe. Nikageuka, nikautia mkanda mfukoni mwa sweta ya juu, nikaishusha ifunike kiuno, nikasema, "Tayari!"

Mzee aliniambia nikae ukingoni penye kokoto nyeupe. Nilikaa, labda kwa muda wa kunywa kikombe cha chai. Halafu chini ya mti ulioinamia maji nikamwona, trauti mnene, ametulia palepale ambapo angetulia kwetu. Maji yalionekana ya magotini. Nikamwita Mzee kwa kujigamba, "Mzee, weka ufito chini, nikuonyeshe tunavyofanya sisi!" Juu ya daraja dogo watu waliokuwa wakitembeza mbwa wakasimama kutazama.

Nikapiga hatua moja. Hakukuwa na chini.

Maji meupe huficha kina, hilo sikulijua, kwa sababu mto wetu haukuwa na kina cha kuficha. Yaliingia kifuani, yakashuka yote miguuni, na ile suruali ikawa magunia mawili ya saruji mbichi. Baridi ilinitoa pumzi hata sikuweza kupiga kelele. Mto ukanibeba, sikupigana nao, ulinibeba tu kama mtu anavyobeba kitu chake, mpaka nikagonga mizizi ya ule mti na kuikumbatia.

Hapo ningebaki na aibu yangu peke yake. Lakini nikasikia Njoki akipiga ukunga, "Muriithi, hapana!" na kitinda mimba wetu akawa tayari ameruka.

Nawaambieni, nimeogopa mambo mengi maishani, lakini yote yalikuwa mazoezi. Nilimwona kichwa, kisha sikumwona. Mto ulikuwa mweupe kiasi kwamba nilimwona akija chini ya maji, macho wazi, akinitazama, akinipita. Nikanyoosha mkono ule ule uliokuwa ukipapasa samaki, nikaidaka kofia ya koti lake. Mkono mmoja mzizi, mkono mmoja mtoto wa mama yangu. Akapanda, akakohoa, akasema, "Dada, usiniachie," na mimi sikuwa na pumzi ya kumwambia kwamba vidole vyangu sivisikii tena.

Ukingo ulikuwa mbali kuliko mkongojo wa Mzee. Nilimwona akiujaribu, haukufika. Akasimama kidogo tu. Kisha akainua mikono kichwani, akaanza kukifungua kilemba chake, mzunguko baada ya mzunguko, mbele ya mkewe, mbele ya wakwe, mbele ya wageni wale wa darajani, mpaka nywele zake za mvi zikaanguka hadi kiunoni. Mzee ambaye hata fundi wa bomba akija nyumbani hutoka chumbani akiwa amefunga kilemba! Akatupa ncha ya kitambaa.

"Kijana, zungusha kwapani! Wewe Wambui, usimwachie mpaka niseme!"

Sikumwachia. Mzee, Mama Jaspal na Njoki wakamvuta Muriithi, kisha wakanirudia mimi, na mimi nilikuwa na uzito wa watu watatu, kwa hiyo wale wa darajani nao wakashuka kuvuta. Nilifika nchi kavu kwa tumbo. Suruali ya mpira ilibaki nyuma, na suruali yangu ikaifuata. Nikasimama mbele ya wakwe zangu katika nguo ya ndani ndefu ya manjano yenye bata wadogo (zawadi ya bibi mmoja ninayemtunza, msiniulize), na mkanda ukaanguka kutoka mfukoni mwa sweta, umekunjwa vilevile nilivyoutia.

Mzee aliutazama. Mama Jaspal alimfunika mumewe kichwa kwa mtandio wake, kisha akaninyanyulia uso. "Kulia utalia kwa treni, beti. Sasa vaa." Nilirudi Rayners Lane nikiwa na koti lake lililonifika mbavuni na blanketi la pikiniki kiunoni, nimemshika Muriithi mkono safari nzima kama mtoto wa chekechea. Hakuuchomoa.

Kilemba kilikuwa kimechanika kwenye mizizi. Nilinunua kitambaa kingine, rangi ile ile, nikakipeleka kwa mikono miwili, nikapiga goti. Mzee alikipokea, akacheka, "Basi mkwe, wakati wa mahari nipunguzieni mbuzi!"

"Hapana, mzee," nilisema. "Mbuzi wa Njoki watatoka wote. Deni la roho ya Muriithi ni langu mimi."

Akakiweka kitambaa magotini. Kisha akasema, "Hilo deni utalipa kwa kujifunza kuogelea. Siku utakayovuka bwawa bila kushika kitu, tumemalizana."

Ndiyo maana leo sisemi tena kwamba naujua mto kwa sababu niliwahi kuujua mwingine, na ndiyo maana kila Jumamosi asubuhi mtanikuta kwenye bwawa, katikati ya watoto wa miaka sita wanaonipita wakipiga mateke. Maji ni meupe, naiona sakafu, na siiamini. Nimeshika ukuta. Mwalimu ananiambia niachie, na mimi mkono huu umejifunza jambo moja tu maishani, kutoachia.

Jioni Mzee hupiga simu. Hata salamu hasubiri.

"Umeachia?"

"Bado, mzee."