Ua la Mharage

Nilipokuwa kidato cha pili katika sekondari moja ya Bugarama, Kiingereza kilinishinda. Nyumbani tulizungumza Kihangaza, Kiswahili nilikipata shule ya msingi, na sasa masomo yalikuja kwa lugha ya tatu. Katika mtihani wa biolojia sikuelewa hata maswali. Niliona aibu kurudisha karatasi tupu, basi nikachora ua la mharage na petali zake zote, kama nilivyozoea kuliona shambani kwetu.

Wiki iliyofuata mwalimu wa biolojia aliniita ofisini. Nilijua naenda kuchapwa.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Ua hili umelinakili wapi?"

"Sijanakili, mwalimu. Nalijua tu."

Akampa karatasi mwalimu wa historia, mama mmoja mkimya aliyekaa meza ya jirani. Mama yule aliitazama kwa muda, akafungua kabati lake, akatoa karatasi kubwa ya manila na maka peni za rangi.

"Lichore kubwa, tulibandike darasani," akasema.

"Lakini majina ya sehemu zake utayaandika mwenyewe, kwa Kiingereza," akaongeza mwenzake.

Nilikaa na kamusi siku tatu. Baada ya ua waliniagiza nichore moyo, halafu figo, halafu ramani ya Afrika, na kila mchoro ulinifundisha maneno yake.

Hisabati sikuiweza mpaka namaliza shule, ila biolojia nilifaulu. Leo nachora mabango ya maduka na saluni Ngara mjini, na kazi haijanikaukia.