Taa ya Chungu cha Baba Mkwe

Aibu hii bora niisimulie mwenyewe, maana wifi yangu Tumpe akiisimulia hunifanya nionekane mchawi, na mimi sikuwa mchawi, nilikuwa mjinga tu mwenye haraka. Kucheka mtacheka, najua, ila wenye roho nyepesi wakae karibu na mlango.

Ilikuwa wakati wa Mjerumani. Mimi Atupele nilikuwa nimeolewa na Ambakisye, tunaishi Ngonga, tuna migomba yetu na mimba yangu ya kwanza ambayo tulikuwa tunaijua sisi wawili tu. Nilikuwa nimeiona taa ya misheni, ile ya kioo, nikaitamani mpaka naiota, na kwa kuwa kioo sikuwa nacho nikaanza kuhangaika na takataka: kopo la nyama walilotupa askari, kibuyu kilichopasuka, vyungu vya Wakisi, wafinyanzi wa ziwani, vilivyomeguka mdomo kabla hata havijateremshwa kutoka mtumbwini. Chungu nakilowesha kwanza, kisha nakitoboa polepole kwa ncha ya mkuki wa zamani na mchanga, tundu moja baada ya jingine, halafu nakifudikiza juu ya kibakuli cha mafuta ya mawese chenye utambi, na ukutani zinatokea nyota, samaki, majani, chochote alichoagiza mwenye taa. Watu wakapenda! Wakaanza kuja uani kwangu na vitu vyao, huyu na mtungi wa marehemu mama yake, yule na kopo alilorudi nalo kutoka safari ya upagazi, wananiachia kuku au mkungu wa ndizi, na mimi kichwa kikavimba, nikajitungia na maneno ya kuwavuta: "Niletee kitu chako kilichokufa, nikurudishie kinawaka." (Kyala, Mungu wetu, anisamehe. Mtu mwenye akili hasemi maneno kama hayo hata kwa utani.)

Sasa, mnajua kwetu mkaza mwana na baba mkwe hawaonani. Sisemi hawazoeani, nasema hawaonani. Ukisikia anakohoa njiani unaingia kwenye migomba, unachutama, unageuka, unajifunika shuka mpaka apite, na jina lake hulitamki (mimi hata leo silitamki, msinitege). Nami nilikuwa hodari wa jambo hilo kuliko wake wote wa ukoo. Mzee yule alikaa Makwale, sisi Ngonga, na tangu naolewa mpaka anakufa nilichokiona kwake ni ncha ya fimbo, basi. Mama mkwe alikuwa akinisifia mbele za watu: "Mkaza mwana wangu huyu ana adabu." Sifa ile niliipenda kuliko taa zote.

Ikafika siku ya kumaliza matanga yake. Nilitangulia Makwale siku chache kabla kusaidia kupika, na nikabeba taa zangu nizipange nyumbani, maana nilijua watu watakuja hata kutoka Ndandalo, na biashara ni kuonekana. Nilitaka moja kubwa kuliko zote. Nyuma ya nyumba, chini ya migomba, nikakiona chungu kikubwa cha pombe, cheusi kwa moshi, kimemeguka mdomo, kimelala ubavu kama kitu kilichotupwa. Vitu vya marehemu haviguswi mpaka matanga yaishe, hilo nalijua tangu mtoto. Lakini nikajiambia, chungu kibovu jaani si mali ya mtu. Mama mkwe alikuwa hapo hapo anamenya ndizi na wenzake, ningemwuliza angenijibu, ila niliona kama namsumbua. Kumbe hapo ndipo nilipoliokota balaa kwa mikono miwili.

Nilikusudia samaki. Nawaambia ukweli wa Mungu, nilichora samaki kwa mkaa, mmoja mkubwa na wadogo wanamfuata. Lakini chungu cha zamani kina sehemu zake laini, ukiweka ncha ya mkuki hapa inateleza inakwenda pale, na mimi nikawa naufuata mkono badala ya kuuongoza. Kuna wakati nilisimama kupumzika nikaona matundu yako mengi kuliko niliyokumbuka kutoboa. Nikasema ni uchovu wa mimba. Samaki wangu wote wakapotea, nikabaki na matundu tu, nikaona potelea mbali, yatakuwa nyota.

Siku yenyewe mchana ulikuja na mvua ile yetu isiyojua kiangazi, mawingu yakashuka toka milimani mpaka ukadhani jua limetua kabla ya kula. Watu wote wakabanana ndani ya nyumba kubwa ya mianzi, ile ndefu ambayo mama mkwe alikuwa ameipaka udongo mweupe upya kwa ajili ya wageni. Giza likawa la kupapasa. Mtu mmoja akasema, "Mke wa Ambakisye si ana taa? Atuwashie." Basi, mimi huyo, furaha imenijaa mpaka kooni, nikapenya katikati ya magoti ya watu, nikawasha utambi, nikakifudikiza kile chungu kikubwa juu yake, nikasimama pembeni ya taa nikiwatazama wateja wangu wa kesho.

Watu wakanyamaza. Wote kwa mara moja, hata watoto wachanga, mvua tu ndiyo iliyosikika. Mimi nikadhani ni kupendezwa! Nikageuka kuangalia kazi yangu ukutani, nikaona si nyota. Ni uso wa mwanamume, mkubwa kama mlango, wenye paji pana na mdomo uliopinda upande mmoja, na kwa vile moto ulikuwa unacheza, ule mdomo ulikuwa unatafuna taratibu, kama mtu anayeonja kitu. Lakini tamaa ni mbaya jamani, badala ya kukimbia nikasema kwa sauti ya mwuza samaki, "Mnaonaje? Hata ninyi naweza kuwatengenezea, kila nyumba iwe na wake!"

Mzee mmoja, rafiki wa marehemu tangu wakichunga ng'ombe pamoja, akasimama, akavua kofia, akausalimia ukuta.

"Ughonile, gwe," akasema. "Mbona wewe hujazeeka?"

Mimi nikadhani pombe imemzidi. Nikainama kuuvuta utambi uwake zaidi (ndiyo, niliongeza mwanga, mnaweza kunipiga mkitaka) na uso ukakua mpaka paji likagusa paa. Hapo Tumpe, binti mkubwa wa marehemu, akapiga yowe.

"Baba! Huyo ni baba! Gwe Atupele, baba yangu ulimwona wapi?"

Ndugu zangu, fikirieni. Nyumba nzima walikuwa wanamjua mtu yule isipokuwa mimi. Nilikuwa nimemkodolea macho baba mkwe wangu, nimesimama wima, kichwa wazi, natabasamu, na nimetangaza kumuuza nyumba kwa nyumba. Nikajifunika shuka, nikachutama, nikageuka kama nilivyofundishwa, lakini nikageuka kwenye ukuta wa pili na huko nako yuko, maana matundu nilizungushia chungu kizima. Nikageuka tena, yuko. Kila ukuta ananitazama. Nikaona njia ni kutambaa mpaka mlangoni macho yamefumbwa, nikatambaa, nikaparamia miguu ya wazee, nikaingiza mkono mzima kwenye bakuli la maharage ya mtu, nikajigonga kwenye nguzo, na mwisho nikatokea, si mlangoni, bali mapajani mwa mama mkwe.

Na Tumpe hajanyamaza. "Alikuwa anamchungulia! Adabu yote ile ni uongo, alikuwa anamchungulia baba migombani. Mwanamke wa hivyo hakai kwetu, arudi kwao leo, na ng'ombe wa mahari wa baba warudi!" Wanaume wakaanza kuguna kwa kukubali. Nikamtafuta mume wangu kwa sauti, nikasikia pumzi yake tu. Nilihisi mtoto ambaye ukoo haukumjua bado akigeuka tumboni, nikajua nikitoka pale nimerudishwa, hakuna atakayenioa wala atakayewasha taa yangu. Nililia kweli, bila aibu.

Mama mkwe alikuwa ameshika kichwa changu kwenye mapaja yake, na mikono yake ilikuwa baridi.

"Tumpe," akasema, "baba yako alikuwa na macho mangapi?"

"Moja, mama. Unaniuliza nini?"

"Hesabu yaliyo ukutani."

Mimi sikutazama, ila nilisikia watu wakivuta pumzi kwa pamoja.

"Jicho lake moja lilitolewa na chui, wewe bado sijakuzaa," mama mkwe akasema. "Hakuna mtoto wangu aliyemwona na yote mawili. Huyo ndiye aliyekuja kunichumbia. Tulio hai tunaomjua hivyo ni mimi na huyu mzee aliyemsalimia. Basi niambieni, mkaza mwana wangu alichungulia migomba gani?"

Nikapona. Nasema nikapona, lakini hapakuwa na mtu aliyefurahi, walitoka mmoja mmoja wakaona heri kulowa mvua kuliko kukaa mle ndani, na chakula cha matanga kikabaki vyunguni. Nikataka kuizima taa, mama mkwe akanishika mkono.

"Kile chungu alikuwa akinywea," akanambia taratibu. "Ungeniuliza, ningekukatalia. Ndaga, nakushukuru kwa kutoniuliza. Sasa ongeza mafuta, halafu utoke."

Niliongeza mafuta macho nimefumba, nikajiunguza vidole viwili, nikatoka. Nilimwacha amekaa sakafuni mbele ya ukuta, na kabla sijafika migombani nikamsikia anacheka, kicheko cha msichana, akinyamaza kidogo kama anayesubiri kujibiwa, kisha anacheka tena. Kesho yake alikizika chungu mwenyewe, hakutuonyesha wapi.

Tangu hapo taa nilitengeneza chache, tena kwa kibuyu kipya, na kitu cha marehemu mtu akiniletea namrudisha nacho mlangoni. Ombeni ruhusa, wanangu, hata kwa kigae. Ningeishia hapo, lakini kuna yule mtoto wa tumboni. Alikua, sauti ikavunjika, akapanuka paji, na mdomo ukaanza kupinda upande mmoja. Siku moja ya mvua aliingia ndani huku moto wa jikoni ukimmulika, na mimi mama yake mzazi nikajikuta nimechutama, nimegeukia ukuta, nimejifunika shuka mpaka kichwani.

"Mama," akaniambia, "ni mimi."

Nilijua ni yeye, lakini sikugeuka mpaka alipopita.