Matumbawe Sebuleni kwa Mwalimu Zita

Uvundo ulimpokea Mwalimu Zita mlangoni, Ijumaa asubuhi, akitoka kukamua. Alidhani ni panya amefia darini. Akasimama na ndoo ya maziwa mkononi, akanusa, akaifuata harufu hadi sebuleni. Lilikuwa lile tangi la Xavery.

Xavery ndiye kifungua mimba wake. Jumanne alifika Gitting kutoka Tanga na tangi la kioo, betri, pampu na maboksi sita meupe, mepesi kama pamba, kila moja limebandikwa karatasi ya bluu: SULLE, VIUMBE HAI VYA BAHARI. Ndani mlikuwa na mifuko ya plastiki yenye maji na hewa, na ndani ya mifuko matumbawe: mengine kama vidole vya zambarau, mengine kama ubongo wa mbuzi, na kiumbe kimoja cha minyiri laini iliyopepea pasipo upepo. Tangi aliliweka ukutani, mahali pa picha ya marehemu baba yake, Bonaventura Sulle. Picha akaiegemeza chini ukumbini, jirani na viatu.

"Zawadi yako, mama," alisema. "Jumamosi wazee wa posa wakija kwa mdogo wangu Judica, wakute nyumba ya watu."

"Kabla ya leo ilikuwa ya nani?" Zita aliuliza.

Nyumba ile haikuhitaji kupambwa. Zita alifundisha miaka thelathini na mmoja. Bonaventura alikuwa bwana shamba aliyewafundisha nusu ya wakulima wa kata kukinga udongo usichukuliwe na maji. Gulioni, mtu akisema "huu mzigo ni wa kwa Sulle", haukupimwa mara mbili. Tangu awe mjane, Zita alililinda jina hilo kama mtu alindavyo moto wa jikoni siku ya mvua. Ndiyo maana miaka sita mfululizo, watu walipomuuliza baada ya misa mwanawe anafanya nini pwani, alijibu, "Ni mtaalamu wa bahari." Hakuwahi kumuuliza mwenyewe, utaalamu gani.

Jumatano aliuliza. Xavery akamwonyesha video kwenye simu. Mikono yake chini ya maji, tindo lile lile alilokuja nalo na nyundo, anabandua tumbawe kwenye mwamba. Vumbi jeupe likatanda. Samaki wadogo wakawa wanazunguka pale palipokuwa kwao, wanazunguka tu.

"Hilo lina umri gani?"

"Hilo? Labda arobaini, mama. Limenizidi." Akacheka. "Matajiri wanayapenda sana, wanayafuga kwenye matangi majumbani."

"Yanafika hai?"

"Tukipakia kumi, yakifika manne tunashangilia."

Zita alirudisha simu kwa ncha za vidole. Alimkumbuka mwanafunzi aliyemkuta nyuma ya choo cha shule akimnyonyoa kuku angali hai.

Alhamisi tangi likavuja. Xavery akaliziba, akaongeza maji, ila mfuko wa chumvi ya bahari aliokuja nao ulikuwa umekwisha. Akaingia stoo, akachukua chumvi ya Balangida, yale mabonge ya kijivu ambayo akina mama wa Balangdalalu huyakusanya ufukweni mwa ziwa na kuyauza kwa ajili ya ng'ombe. Judica alipomuuliza kama itafaa, alijibu kama mtoto yeyote wa Hanang aliyekua akiilamba chumvi hiyo: "Chumvi ni chumvi."

Na sasa, Ijumaa, maji yalikuwa meupe kama uji uliochacha. Vidole vya zambarau vilikuwa vinachuruzika ute. Kile kiumbe cha minyiri kilining'inia kwenye mdomo wa pampu kama kamasi. Mnyoo mwenye manyoya, mrefu kuliko kiganja, alikuwa akipanda kioo kutafuta njia ya kutoka.

Xavery alionja maji kwa ncha ya ulimi, akatema. "Magadi haya."

"Mtoto wa bwana shamba," Zita alisema. "Hukupima hata kijiko?"

Xavery aliyachota maji kwa ndoo, akayamwaga kwenye mfereji. Mfereji huo huishia kwenye tuta la vitunguu saumu. Hadi jioni majani yalikuwa yamelala.

"Kesho wakiuliza harufu," Xavery alisema, "tuseme panya."

"Panya wa bahari, kaka?" Judica akadakia. "Au na yeye umemleta kwenye mfuko?"

Zita hakucheka. Aliwaza desturi ya kale ya Wairaqw, metimani, ambayo yeye mwenyewe aliwafundisha wanafunzi kuwa ni mambo ya zamani: nyumba iliyopatwa na kifo kibaya hujitenga, haimkaribishi mtu ndani mpaka isafike. Jumamosi asubuhi alitoa viti vyote nje, akavipanga karibu na ghala la mahindi.

Wazee watatu walifika saa nne, wakiongozwa na Mzee Vicent wa Mbulu. Xavery akawaamkia shikamoo. Mzee Vicent akavitazama viti, akatazama mlango uliofungwa.

"Mwalimu, tumekuja posa au mnada? Mbona tunawekwa uani?"

Jibu la panya lilikuwa pale pale, jepesi. Zita alilimeza.

"Ndani mna kifo, mzee. Mwanangu huvunja matumbawe yaliyo hai baharini, akayauza yafie kwenye nyumba za watu. Haya yamefia kwangu."

"Sisi tuliambiwa ni mtaalamu wa bahari."

"Niliyesema ni mimi. Nilisema nisichokijua."

Xavery aliinamisha kichwa. Mzee Vicent akanusa upepo uliotoka dirishani, akakunja uso.

"Sisi tumemfuata binti," akasema. "Lakini tutarudi Jumamosi ijayo. Tunataka kujua tunaoa kwa Bonaventura au kwa hayo maboksi."

Walipoondoka, Zita alimnyooshea mwanawe kiganja. "Karatasi za bluu. Zote."

"Mama, wateja wanatujua kwa jina hilo."

"Baba yako walimjua kwanza."

Xavery akatoa furushi zima mfukoni, akaenda na wembe kubandua zile za kwenye maboksi, moja moja. Zita alizichoma jikoni. Ziliwaka kwa moshi wa plastiki uliomkohoza, naye hakutoka mpaka ya mwisho iishe. Kisha akairudisha picha ukutani. Mapazia aliyachemsha mara mbili, harufu haikutoka yote.

Jumamosi iliyofuata wazee waliingia ndani, wakakaa chini ya picha, na Judica akaposwa. Xavery hakuwepo. Aliondoka Jumatatu kwa basi la alfajiri na maboksi yake matupu, yasiyo na jina. Zita alipokagua chumba cha mwanawe alitafuta lile tindo chini ya kitanda, nyuma ya mlango, hata stoo kwenye chumvi. Xavery alikuwa amelichukua.