Mama Aliyekaa Kwenye Picha

Enzi zetu, wenzangu mliolelewa na nyanya, mtu akisafiri alikuwa amesafiri kweli. Simu hakuna. Mama alipoenda Arabuni kufanya kazi za nyumba, mimi na kaka yangu Wafula tulimsumbua Nyanya: yuko wapi, yuko wapi? Nyanya, ambaye hakuwahi kupita Bungoma mjini, akachoka, akaelekeza kidevu ukutani. "Yuko pale. Sasa nyamazeni mle."

Pale palikuwa na picha ambayo babu, aliyekuwa mpishi wa mzungu, aliachiwa mzungu alipohama. Mji ambao barabara zake ni maji. Jua limeshazama, nyumba zimesimama majini mpaka magotini, na mtu haonekani hata mmoja. Dirisha moja tu lilikuwa na taa. Tukaamua hilo ndilo la Mama.

Jamani, tulikuwa wajinga, lakini adabu tulikuwa nayo! Mchana tulicheza mpira wa kati na brikicho ya kujificha mpaka miguu ikawa nyeupe kwa vumbi. Giza likianza kuingia tulinawa, tukala ugali na mrenda, koroboi inanuka mafuta ya taa, kisha tukasimama mbele ya picha: "Lala salama, Mama." Kuinyooshea kidole ilikuwa mwiko. "Mtu wa mbali haonyeshwi kwa kidole," Nyanya alisema, "atapotea." Mimi picha ile niliiogopa, nisiwadanganye. Nikiitazama sana, niliona kama maji yamepanda kidogo kuliko jana.

Jioni moja Wafula akasema polepole, "Mama amezima taa."

Nyanya akamwambia wacha upuzi, akaisogeza koroboi. Dirisha lilikuwa jeusi kama mengine. Akalipangusa kwa leso, akapangusa tena. Ni moshi, akasema. Halikuwaka tena, na habari za Mama zikakatika mwezi huo huo. Mpaka leo hatujui alizikwa wapi, au kama alizikwa.

Sasa mimi mwenyewe niko Doha, nasafisha vyumba kwenye hoteli moja ya West Bay. Kwenye korido ya juu wametundika picha ile ile. Kibao chake kinasema ni ya karne ya kumi na tisa. Adhana ya magharibi ikilia nilikuwa napita na toroli langu macho sakafuni. Siku moja nikajilazimisha kuyainua. Dirisha linawaka, na ndani kuna kitu kama bega la mtu. Yetu haikuwa na mtu! Tangu hapo korido ile namwachia mwenzangu Mganda, naye ananicheka.

Na watoto wa siku hizi, wee! Binti yangu anakaa kwa Wafula. Namwona kwa video kila jioni, lakini nikimuuliza amekula nini, ananijibu, "Mama ngoja, namaliza gemu." Enzi zetu ungechapwa. Simu ikikatika anagaragara chini akilia. Nilizoea kumsema kwamba hajui kungoja kama sisi.

Wiki iliyopita hakulia. Simu ilikuwa haijakatika vizuri, nikamsikia akiuliza kwa upole kabisa, "Mjomba, Mama akizimwa huwa anaenda wapi?"

Wafula akaikata simu.

Nimemwambia supavaiza, mkataba uishe usiishe, naenda nyumbani. Enzi zetu tulisifiwa kwa kujua kungoja. Huyu wangu afadhali asijue.