Kitanda Ndani ya Konokono

Dada yangu alikuwa na mimba ya pili, na hakuna mtu nyumbani aliyethubutu kufurahi kwa sauti. Ya kwanza ilikuwa imekwisha vibaya. Uchungu ulimshika wakati wa masika, wanaume wakambeba kwa machela kutoka kwao huko juu, kwenye miteremko ya Meru, wakateleza naye kwenye tope mpaka barabara kuu ya Tengeru, na hapo wakasimama kwenye mvua wakingoja gari lolote la kwenda mjini. Lililopatikana lilikuwa lori la magunia ya kahawa. Mtoto hakufika. Dada alifika, na daktari wa kizungu akamwambia mumewe kwa Kiswahili chake cha kuokoteza: "Ingine, lete mapema. Lete yeye nalala." Yaani mimba nyingine ikija, mlete mapema, na mlete amelala.

Basi shemeji yangu akaenda kutafuta kitanda chenye magurudumu.

Alikuwa dereva na fundi wa matrekta kwenye shamba la kahawa la mzungu mmoja. Nyuma ya kinu cha shamba hilo lilikuwapo lori kuukuu lenye nyumba mgongoni, nyumba kamili ya mbao na bati, ina madirisha, kabati, mahali pa kitanda na mlango wa nyuma. Mwindaji fulani alikuwa akilitumia kuwapeleka wageni wake mbugani, wakalale humo kama mabwana huku simba wakinguruma nje. Mwindaji akarudi kwao Ulaya, lori likabaki kuota magugu. Meneja alimwambia shemeji kwamba akiweza kuliondoa mbele ya macho yake, ni lake. Watoto wa jirani waliliita Konokono.

Injini ilikuwa kazi ya shemeji. Ndani ikawa kazi yangu. Mchana nilikuwa nikipiga randa katika karakana ya singasinga mmoja mjini, na jioni nilikuwa nimesoma shule ya usiku mpaka nikaimaliza, nikapewa cheti chenye muhuri mkubwa kama sahani ya pilau. Niliijua mito yote ya Uingereza, hata ile ambayo Waingereza wenyewe wameisahau.

Siku ya kwanza kufungua mlango wa Konokono nilitimua mbio. Popo walitoka humo kama moshi wa gari moshi. Panya walikuwa wakubwa hivi kwamba mbwa wa shamba alipowaona aliwapisha njia, tena kwa adabu. Godoro lilikuwa limegeuka udongo, na sakafu imeliwa na mchwa mpaka ukikanyaga unaiona ardhi.

"Rudi, shemeji," aliniita mume wa dada yangu akicheka. "Au hao panya hawajui una cheti?"

"Wanajua. Ndiyo maana wananitafuta, wanataka kusomeshwa."

Nilicheka, nikaokota fagio, nikarudi ndani. Kila nilipoingia humo nilikuwa namwona dada yangu amelala, na mvua inapiga bati.

Fedha hatukuwa nazo, kwa hiyo tulitengeneza kwa vitu vilivyokataliwa na wenzetu. Sakafu niliipiga kwa mbao za masanduku ya petroli, zile ngumu zenye harufu isiyotoka hata uoshe kwa maji ya mito yote ya Meru. Vioo vya madirisha vilikuwa vimevunjika, nikakunjua madebe, nikayapigilia mahali pa vioo. Kwa kitanda, shemeji alichanachana mipira ya ndani ya magurudumu ya trekta, tukaisuka kwenye fremu kama wasukavyo kitanda cha kamba, ili gari likiruka kwenye shimo kitanda kinesenese badala ya kumpiga mgonjwa mgongoni. Mama alishona magunia ya kahawa, akayajaza maganda makavu ya mahindi, likawa godoro. Ukilikalia linasema kama mtu anayetafuna bisi. Mlango ulikuwa umeoza, nikaunda mwingine, na kwa kuwa tuliegesha katikati ya migomba, mwisho wa njia ya gari, niliutia bawaba ufungukie ndani. Ungefungukia nje ungekata migomba ya watu.

Ikabaki rangi. Shamba lilikuwa na masalio ya rangi ya kuzuia kutu, ile wanayopaka mabati ya kinu, nyekundu kama ini. Hatukuwa na nyingine. Nilisema tuipake, halafu juu yake tupige chokaa iwe nyeupe kama hospitali. Tukapaka. Chokaa ikakataa kushika, ikateremka michirizi kwa michirizi, na kuta zikawa kama mdomo wa fisi aliyetoka kula.

Na humo ndani, pembeni ya kitanda, palikuwa na kijichumba kidogo cha bati chenye tundu sakafuni. Chini ya tundu ulining'inia mpira mrefu mweusi.

"Hiki cha nini?" nilimwuliza shemeji.

"Cha kuogea."

"Mtu anaoga ndani ya gari?"

"Mzungu anaoga popote, shemeji. Tundu linatoa maji nje."

"Maji," nilisema.

Alinitazama. "Na wewe pia unayaamini yale?"

Miaka ile, toka mjini hadi milimani, lilikuwa likitembea neno moja, watu wakilisema kwa kunong'ona: mumiani. Wengine waliwaita chinjachinja. Walisemwa kuwa ni watu wanaozunguka na gari lililofungwa, wanamkamata mtu, wanamlaza, wanamtoa damu yote ikatengenezwe dawa ya Wazungu. Mwalimu wetu wa shule ya usiku alitueleza mara nyingi kwamba ni uzushi wa watu wasiosoma. Nilimwamini kabisa mradi nikiwa darasani, taa inawaka na wenzangu wamenizunguka. Ndani ya Konokono, peke yangu, na kuta zile na tundu lile, elimu yote ilinitoka kwa jasho. Niliweka jiwe mlangoni usijifunge, na nilifanya kazi nikiwa nimeupa ukuta mgongo kama mwizi.

Siku ya soko Tengeru nilikwenda kununua ndizi. Mama mmoja muuzaji alinitazama mikono, nayo ilikuwa myekundu mpaka kwenye viwiko, akaniuliza polepole, "Ninyi wa lile gari, debe mnauza bei gani?"

Nilidhani anataka rangi ya bati lake. Nikamjibu kwa uchangamfu wangu wote, "Hatuuzi, mama. Lakini lipo moja limejaa, na jingine nusu. Jekundu zuri sana! Ukitaka kidogo, njoo jioni na chombo chako."

Mama yule aliacha ndizi zake. Aliziacha chini, jamani, mikungu mizima, akaondoka akikimbia na mikono kichwani. Soko likanyamaza kuanzia kwa wauza ndizi mpaka kwa wauza mbuzi, na naapa hata mbuzi walinyamaza. Nilipoelewa alichokuwa akiniuliza, nilikuwa nimekwisha kulijibu soko zima.

Toka siku hiyo hakuna aliyepita karibu na migomba yetu. Watoto waliokuwa wakiliita Konokono sasa walitupa mawe kutoka mbali na kukimbia. Asubuhi moja tulikuta tairi zimetobolewa. Shemeji aliziba matundu moja moja.

"Wale wa juu hawatambeba," alisema. "Siku ikifika, hawatambeba dada yako mpaka hapa."

"Watambeba. Ni mtoto wao."

"Watambeba mpaka mlangoni tu."

Alikuwa sahihi. Uchungu ulianza asubuhi, mvua ndogo ikinyesha, ile isiyo na haraka. Walimbeba kwa machela, mama yetu akitembea kando na mwavuli, na njia yote walishuka vizuri kwa uangalifu. Walipoliona Konokono mwisho wa njia, mlango wazi na wekundu ule ukionekana ndani, wakaitua machela chini ya migomba na kusimama. Dada alikuwa ameuma pembe ya kanga yake.

Mzee mmoja wa kanisa, mkulima wa kahawa, ndiye aliyewaongoza wabebaji. Tulimsalimu shikamoo, akaitikia marahaba bila kututazama.

"Humo haingii," alisema.

"Mzee," shemeji alianza, "ni kitanda tu. Mimi ni mume wake."

"Wewe ni mtu wa Wazungu. Gari umepewa bure. Nani hupewa gari bure?"

Watu wakaguna. Naungama, hata mimi niliguna.

"Tumngoje mwenye lori la maziwa," alisema mwingine.

"Mara ya kwanza tulingoja lori," alisema mama yetu. Sauti yake ilikuwa ndogo, na alikuwa akimtazama dada, siyo wao. "Nilikuwapo. Mnakumbuka tulichobeba kurudi?"

Wakainamisha vichwa. Lakini hakuna aliyeishika machela. Woga wao ulikuwa wa kweli. Niliujua, kwa kuwa ulikuwa wangu pia.

Mzee akanyoosha fimbo yake kwangu. "Huyu ndiye mjomba wa mtoto. Damu ya dada yake ni damu yake. Na alale yeye kwanza kitandani, mlango ufungwe. Akitoka mzima, tutamwingiza."

Shemeji alinigeukia. Sijawahi kutazamwa vile na mwanamume mzima. "Shemeji," alisema tu.

Nilipanda. Nilikuwa nimepigilia kila msumari humo kwa mkono wangu, lakini siku ile niliingia kama ng'ombe anayeingizwa kwenye josho la dawa. Nikalala. Godoro likatafuna bisi. Mtu wa nje akaufunga mlango, na giza likaja zima, kwa kuwa madirisha niliyaziba mwenyewe kwa madebe. Nilisikia mvua. Nilisikia kitu kikidondoka, to, to, to, ndani ya kile kijichumba chenye tundu. Kitu chenye unyevu kikanigusa shingoni.

Leo naamini lilikuwa tone la mvua kutoka kwenye bati. Siku ile niliruka mpaka darini. Niliuvamia mlango, nikausukuma. Haukufunguka. Nikausukuma kwa bega, kwa mgongo, kwa kichwa chenye mito yote ya Uingereza. Haukufunguka! Nikapiga ukelele ambao wanasema ulisikika Sekei, kule karibu na mjini, na mimi nasema ulivuka mpaka Nairobi.

"Wamenishika! Mama! Wamenishika!"

Nje nilisikia watu wakikimbia, machela ikipigwa kikumbo, mama akiliita jina la Yesu, shemeji akipiga mlango kutoka upande wa pili na kuusukuma ndani wakati mimi nausukuma nje. Tulikuwa tukisukumana, mimi na yeye, kila mmoja akipigania maisha ya mtu. Halafu katikati ya kelele ile nikaisikia sauti ya dada yangu, imekatwa na uchungu lakini yake kabisa, ile aliyokuwa akiniitia utotoni nikipotea kwenye mahindi.

"Vuta, mjinga wewe! Unafungukia ndani! Si uliuunda mwenyewe?"

Nikavuta.

Nilianguka chali, na shemeji akaniangukia juu. Mlangoni nyuma yake palikuwa na mwanga, mvua, na waliosalia, nao hawakuwa wengi. Mzee wa kanisa alikuwa bado amesimama palepale, lakini fimbo yake imeanguka. Alipanda kidato kimoja, akanishika mkono, akaukunja huku na huku, akanitazama shingoni, akanivuta kope ya chini kama daktari wa mifugo.

"Damu ipo," alisema.

"Ipo nyingi mno," alisema dada yangu kule chini. "Hao chinjachinja wangemkamua huyu wangepata maneno matupu. Nibebeni! Nibebeni, jamani, inakuja!"

Mtu mmoja alicheka, kisha mwingine. Wakaishika machela.

Mama aliingia naye. Mimi nilikaa sakafuni nimeikumbatia miguu ya kitanda, kwa kuwa sikuwa na imani na skrubu zangu. Shemeji aliendesha kama mtu aliyebeba yai mdomoni. Kila shimo nilimsikia dada akivuta pumzi, na mipira ile ikamrusha kidogo na kumpokea. Aliacha kuzungumza tulipokaribia mjini. Nilimwambia aseme chochote, anitukane. Hakunitukana. Mama alikuwa ameushika mkono wake na macho ameyafumba, na hapo niliogopa kuliko nilivyoogopa kitandani mlango ukiwa umefungwa.

Hospitalini walimpokea akiwa amelala. Tuliketi kwenye benchi la veranda mpaka mvua ikaacha, ikaanza, ikaacha. Sikumwona shemeji ameondoka.

Muuguzi alitoka akifuta mikono. Mtoto wa kike, alisema, na ana sauti. Mama yake anaomba chai. Mama yetu alikaa chini sakafuni, pale pale kwenye saruji, akaanza kulia kwa kicheko.

"Mume yuko wapi?" muuguzi aliuliza.

Nilimkuta ndani ya Konokono. Alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda na bisibisi mkononi, anakaza skrubu ambayo niliona wazi imekwisha kukazwa. Alisikia miguu yangu kwenye kidato.

"Usiniambie," alisema bila kugeuka.

"Shemeji..."

"Nimesema usiniambie. Ngoja nikaze hizi kwanza. Zilikuwa zimelegea."

Bisibisi ilikuwa ikiteleza, haikuingia kwenye mfereji wa skrubu. Mimi, ambaye sijapata kunyamaza mbele ya mtu, niliishika habari njema mdomoni, nikakaa kwenye sakafu ya masanduku ya petroli, nikanyoosha mkono, nikamshikia ncha ya bisibisi ikae mahali pake.