Meno ya Nyambura

Kuna siku moja naikumbuka sana, mwanangu, hasa tangu uliponionyesha ile mashine mnayounda na wenzako chuoni, ya kugeuza maganda ya kahawa kuwa makaa ya kupikia yasiyo na moshi. Nami nilikuwa na ndoto kama yenu, nikiwa mwanafunzi wa uhandisi.

Maji ya kisima cha Gitothua, kwao Nyambura niliyesoma naye, yalikuwa na madini yanayofanya meno ya watoto kuwa ya kahawia. Meno yake mwenyewe yalikuwa hivyo. Akicheka alifunika mdomo kwa mkono. Ndiye aliyesoma mahali kwamba mifupa ya ng'ombe ikichomwa vizuri hunasa madini hayo. Basi tukawa tunaomba mifupa kwenye mabucha ya Thika na kuichoma ndani ya pipa, nyuma ya nyumba ya mamake. Isipoiva, maji yanayochujwa nayo yananuka. Ikizidi, haichuji kitu. Nyambura alijua kwa kutazama moshi tu. Mimi nilichojua ni kuongea.

Tukaitwa kwenye mashindano ya wanafunzi. Mshindi angesaidiwa kuanzisha kampuni. Nyambura alikuja amevaa sweta mpya ya buluu, amekumbatia mtungi wetu wa kuchuja maji. Nikamvuta kando.

"Leo niache niongee peke yangu. Wewe kaa nyuma."

"Kwa nini, Kamau? Si tulikubaliana nieleze vile tunachoma?"

"Waamuzi wataangalia meno yako, hawatasikiliza."

Hakulia. Aliniwekea mtungi mikononi, akaondoka.

Tulishinda. Yaani, nilishinda, maana kwenye picha niko peke yangu.

Hakurudi tena kwenye pipa. Nilichoma mifupa wiki nzima, na kila mara maji yalinuka. Mwishowe nikaenda kwao. Mamake alikuwa anaanua nguo, wala hakunikaribisha chai.

"Nyambura ameenda kufundisha hesabu, mbali. Amekataa niseme wapi," akaniambia. "Lakini nikuulize, kijana wangu. Hayo maji mlikuwa mnatengenezea nani?"

"Watoto wa hapa, mama."

"Sasa mmoja wao alisimama mbele yako, ukamwonea aibu."

Niliaga, nikaondoka. Kampuni haikuanza. Nimefanya kazi ya maji miaka mingi, nimelea watoto, sijakosa chakula. Lakini nikipita Gitothua bado natazama nyuso za akina mama wa rika langu. Natamani nimwone hata mara moja, acheke bila kufunika mdomo, aniambie moshi wangu umekosea wapi.

Kwa hiyo nisikie, mwanangu. Hao mnaosema mnawasaidia, msiwafiche nyuma yenu siku ya wageni. Mama anayekohoa moshi jikoni ndiye wa kwanza kuulizwa, na jina la kila aliyefanya kazi litajwe kwa sauti. Na ukimkosea mwenzako, mwendee siku hiyo hiyo. Mimi nilichelewa wiki moja, na ukweli ni kwamba kilichonipeleka ni yale maji kunuka.

Mungu abariki kazi ya mikono yenu. Awajalie kuzeeka pamoja, na siku utakapoita jina la mwenzako, awe karibu, aitike.