Simu Ilinihesabia Sinia Zima

Wanawake wenzangu, na nyinyi wanaume mnaosoma kwa kuchungulia, mimi ni Mama Salimu wa Tongoni na niko hai. Naanza na hilo kwa sababu ilifika mahali hata mama mkwe wangu hakuwa na hakika nalo. Wauguzi wa kliniki yetu wameniomba niandike nilivyougua na nilivyopona, na mimi nitaandika yote, mpaka ya chooni. Asiyetaka ya chooni aruke hapo.

Kabla ya hayo mwili wangu ulikuwa haujui hospitali. Mimi ni Mbondei wa Muheza, nimesoma mpaka kidato cha nne, nimecheza netiboli, nimeolewa Tongoni na mtu mwema anaitwa Athumani. Nilipomzaa Salimu nilikaa arobaini yangu kama inavyotakiwa. Uji wa pilipili manga, supu ya kuku, kukandwa na mama mkwe kwa maji ya moto mpaka napiga kelele. Nikatoka nimejaa mashavu, mikono, tumbo. Maziwa ndiyo usiseme. Mtoto akilia nyumba ya jirani, kanga yangu inalowa.

Shida ilikuwa wifi yangu.

Riziki, dada wa mume wangu, ameolewa Horohoro. Mimba yake ilikuwa ya kwanza, kwa hiyo alikuja kuzalia kwa mama yake, ndiyo desturi. Alipata binti muda mfupi baada yangu. Mlango wa chumba chake ulitazamana na wangu. Alikula uji uleule, akakandwa na mikono ileile, akatoka na kiuno. Kiuno! Siku moja alivaa gauni lake la kabla ya mimba, zipu ikapanda bila kusukumwa na mtu. Athumani alikuwa barazani anamenya chungwa. Akamwambia, "We Riziki, mbona kama hukuzaa wewe?" Kisha akanitupia jicho mimi, akalirudisha haraka kwenye chungwa.

Heri angesema.

Sitawadanganya kwamba niliingia kwenye mambo ya kupunguza mwili kwa ajili ya afya. Ulikuwa wivu. Ule unaokaa kooni kama mwiba wa samaki, ukimeza tonge unauhisi.

Nilikuwa nimemwona Riziki kila baada ya kula anaandika kwenye simu. Nikamuuliza kama vile sijali.

"Nahesabu chakula changu, wifi. Kuna apu, unaandika ulichokula, inakwambia kimekupa nguvu kiasi gani. Nikuwekee?"

"Mimi na kufua nepi nipate wapi muda wa kuhesabu matonge?"

Jioni ile niliipakua mwenyewe chumbani. Nilitaka nipungue kuliko yeye, na asijue nimepitia njia yake. Apu ikaniuliza uzito, urefu, na nataka kupungua kwa kasi gani. Nikachagua kasi kubwa kuliko zote. Kama iliniuliza iwapo nanyonyesha, basi iliuliza mahali nisipopaona.

Mchana kwetu tunakula bada, ugali wa unga wa muhogo, kwa mchuzi wa papa. Niliandika nikijua sitaipata. Nikaipata! "Bada na mchuzi wa papa wa nazi," na pembeni alama ya vema ya kijani. Nikasema hawa watu wanajua mpaka chakula cha Tongoni. Nikaandika nimekula moja. Simu nzima ikawa nyekundu. Nimevuka kiwango cha siku, inasema, na nilikuwa nimekula matonge machache tu.

Nikaamini. Kwa nini nisiamini? Tangu shule nimeambiwa nazi ni mafuta. Nikajisemea, kumbe ndiyo inayoniua.

Sasa nyumba yetu wanawake na watoto tunakula sinia moja. Kwenye sinia huwezi kujua umekula kiasi gani, maana huku unakula, huku mtu anakusogezea kipande cha samaki. Nikajitoa. Nikawa napakua kisahani changu, nakaa kando. Mama mkwe akaniangalia.

"Una nini wewe? Sisi tuna ukoma?"

"Nina dozi, mama."

"Dozi ya nini isiyotaka watu?"

Nikala kisahani changu mchana, simu ikawa nyekundu, nikafunga mdomo mpaka kesho yake mchana. Nikiwa na njaa, chai ya rangi bila sukari na matango. Kweli nilipungua, upesi. Gauni likaanza kuzunguka mwilini. Riziki akaniambia, "Wifi umependeza," na mimi nikalala na neno hilo kama mtu aliyepewa dhahabu.

Halafu mwili ukaanza kudai chake.

Nywele zilibaki kwenye kitana mafungu mafungu. Mdomo ulinuka kama dawa ya kufutia rangi ya kucha, hata nikipiga mswaki. Choo kikawa kigumu kama kokoto. Nilichanika, nikatoka damu, nikawa naogopa kwenda, na nikienda nashika ukuta nalia. Nikisimama moyo unakimbia kama nimefukuzwa. Ndani ya kope palikuwa peupe. Na maziwa, yale ya kulowesha kanga, yakapungua. Salimu alikuwa anavuta ziwa, analiacha, ananitazama, analia. Nikikamua napata matone.

Kliniki muuguzi aliona mstari kwenye kadi ya mtoto umeinama.

"Mama, mtoto ameshuka. Wewe unakula?"

"Nakula kupita kiasi," nikamjibu, na sikuwa namdanganya. Simu ilikuwa inaniambia hivyo kila siku.

Mnaweza kuniuliza, mtu anaona nywele zinatoka na mtoto anakonda, haachi? Sikuacha. Niliona wekundu ule, nikaamini nikiongeza hata tonge moja nitafutuka palepale, na Riziki yuko mlango wa pili na kiuno chake.

Nilianguka nikiwa nakuna nazi. Salimu alikuwa mgongoni. Niliinuka kwenye mbuzi, macho yakaingia giza, nikaenda kifudifudi. Namshukuru Mungu sikwenda chali. Aliyetufungua kanga na kutubeba ni Riziki. Sikumbuki njia ya Tanga mjini. Nakumbuka dari, na baridi ya dripu ikipanda mkononi.

Daktari alikuwa mama wa makamo, mkali. "Damu imeisha, sukari iko chini, chumvi za mwili zimevurugika mpaka moyo unadunda ovyo. Mwili umekosa chakula, unajila wenyewe. Nani amekunyima?" Mama mkwe akashtuka kama yeye ndiye aliyetuhumiwa.

Nikaongezewa damu. Maziwa hayakuwepo tena hata tone. Salimu alitema kila alichopewa, kijiko anakisukuma kwa ulimi, kikombe anakipiga. Alilia mpaka sauti ikawa ya paka. Mama mkwe akasema, "Riziki, mpe ziwa."

"Asimpe!" Nilisema mimi, nimelala, mkono umefungwa na mpira wa damu.

"Mtoto afe kwa ajili ya wivu wako? Mpe."

Muuguzi akahakikisha kwanza vipimo vya Riziki. Kisha Riziki akakaa kitandani kwangu, karibu na miguu yangu, akampakata mwanangu. Nikasikia anameza. Sauti ile ya kumeza, glu, glu, bila kupumzika. Sijawahi kuchukia sauti kama ile, na sijawahi kuomba sauti isikome kama ile. Mama mkwe naye, badala ya kunyamaza: "Ndiyo basi, huyu na binti wa Riziki sasa ndugu wa ziwa moja. Na mimi nilikuwa nimeshawapangia posa."

Afisa lishe akaja, kijana mpole, akaniuliza nilikuwa nakula nini. Nikampa simu kwa kiburi. Akapitia, akakunja uso. "Dada, kama chakula hiki ungekila wewe, usingelala hapa. Sahani moja ya bada haiwezi kuwa na nguvu hizi. Hapa kuna chakula cha ukoo." Riziki akainamisha kichwa kutazama. Salimu bado yuko kifuani kwake.

"Wifi! Hii ni yangu!"

"Yako nini?"

"Nimeiandika mimi. Nilikuwa naandika kila kilichoingia chunguni, unga wote, papa wote, nazi zote. Halafu nagawa kwa watu wa sinia, naandika fungu langu. Wewe ulikuwa unaandika moja?"

"Mbona hukusema ni sinia zima?"

"Nilijiandikia mwenyewe! Ningejuaje kama inaonekana kwa watu? Na wewe si ungeniuliza?"

Ningekuwa na nguvu ningemrushia beseni la kutapikia. Mama mkwe alitutazama mmoja baada ya mwingine, kisha akasema taratibu, "Kwa hiyo ulilikimbia sinia letu, ukaenda kulila zima peke yako kwenye simu." Mgonjwa wa kitanda cha pili alicheka mpaka akakohoa.

Nilimgeukia afisa lishe. Na ile alama ya vema? Akasema hapo haina maana kwamba mtaalamu amepima. Aliyeandika amejaza nafasi zote, basi. Tukatafuta chapati. Tukakuta nyingi, kila moja na hesabu yake, moja karibu mara tatu ya nyingine, na zote ni chapati. Nilitukana. Sitaandika nilichotukana.

Kupona hakukuwa kwa siku moja. Nilipewa chakula kidogo kidogo, kwa sababu daktari alisema tumbo lililoshinda njaa ukilijaza ghafla unaweza kuua mtu. Vidonge vya damu vilinifanya nitoe choo cheusi, msiogope mkiviona. Kuhusu maziwa, muuguzi aliniambia nimweke mtoto kwangu kwanza kila mara, hata kama ziwa ni tupu, ndipo apewe Riziki. Basi Salimu ananyonya patupu, anakasirika, anageuza shingo akisikia sauti ya shangazi yake. Kila anapogeuza shingo nachomeka. Tukarudi Tongoni hali ni hiyo. Naweka, anakataa, Riziki anapokea.

Mpaka asubuhi moja nikahisi kifua kinachonyota, ule mchomo ambao kila mama anaujua. Salimu akavuta, akapaliwa, akakohoa, maziwa yakamtoka puani. Riziki akanyoosha mikono ampokee kama kawaida. Mtoto hakugeuka. Riziki akashusha mikono, akaanza kulia, na mimi nikalia, na hatukuambiana tunalilia nini.

Kwenu mnaohesabu chakula kwenye simu, sisemi mzitupe. Nasema mjiulize, sahani hii ni ya nani? Kapima nani? Chungu cha watu wangapi? Simu haijui chungu chako. Unayenyonyesha, usianze lolote bila kumwona afisa lishe, wapo na wanasikiliza. Na mwili ukisema njaa huku simu inasema umeshiba, uamini mwili.

Nawashukuru madaktari na wauguzi. Namshukuru mama mkwe kwa ulimi wake. Riziki namshukuru pia, ingawa neno hili huwa linanitoka kwa shida. Salimu sasa anatembea na anaongea. Wakija kutoka Horohoro anamkimbilia Riziki, anamwita mama, na ana haki hiyo, maziwa ya shangazi yake yamo mwilini mwake. Kila akimwita hivyo nawaka. Niacheni niwake. Maiti haoni wivu.